Je, watumwa walikombolewa, au walijikomboa wenyewe?

Mwalimu wa Zamu anauliza:

Ndugu zangu, ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita nilikwama mbele ya darasa langu mwenyewe. Nilikuwa nikifundisha harakati za kukomesha utumwa kwa mpangilio tuliouzoea sote: William Wilberforce katika Bunge la Uingereza, sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, sheria ya 1833 ya kufuta utumwa katika makoloni ya Uingereza, kisha rais wa Marekani Abraham Lincoln na tangazo lake la 1863 la kuwaacha huru watumwa. Ubaoni nilikuwa nimebandika picha ya ile nishani iliyotengenezwa mwaka 1787 na mfinyanzi Josiah Wedgwood, inayomwonyesha Mwafrika aliyepiga goti, mikono yenye minyororo ikiwa imeinuliwa, akiuliza kama yeye si mtu na si ndugu. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, huyu aliyepiga goti anamwomba nani? Na wenzake wote walikuwa wakisubiri tu?"

Nilimjibu kwa kuitaja Haiti, ambako watumwa waliasi na kushinda, lakini nilijua kwamba nimekwepa. Kuitaja Haiti kama kisa cha pekee, kisha kurudi kwa Wilberforce, ni sawa na kumwambia kwamba kwingineko kote watu walisubiri kweli. Ninaomba msaada wenu katika jambo moja: mtu akitaka kusema ukweli, bila kuwapunguzia sifa waliostahili na bila kuwaongezea wasiostahili, aseme nani alikomesha utumwa?

Msomaji wa Nyaraka anajibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo wanahistoria wamelibishania kwa miongo mingi, na mimi nina upande ninaouegemea. Nitaanza na kisa kimoja kinachoonyesha jinsi sheria ilivyokuja nyuma ya miguu ya watoro.

Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa na majuma machache tu, watumwa watatu walioitwa Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend walivuka maji kwa mashua hadi Fort Monroe, ngome ya jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, katika jimbo la Virginia lililokuwa limejiunga na Kusini iliyojitenga. Bwana wao, kanali katika jeshi la Kusini, alikuwa amewapeleka kujenga boma la mizinga, nao wakaamua kwamba hawatamjengea adui yao ukuta. Kesho yake ofisa wa Kusini alikuja kuwadai kwa sheria ya 1850 iliyolazimisha watoro warudishwe. Jenerali Benjamin Butler, ambaye kabla ya vita alikuwa wakili, alimjibu kwamba Virginia imejitangaza kuwa nchi nyingine, hivyo haiwezi kudai haki katika sheria za nchi iliyoikana, na kwamba watu wale angewashikilia kama mali ya adui iliyokamatwa vitani. Jibu hilo halikuwapa uhuru, kwa kuwa bado liliwaita mali. Hata hivyo habari zilienea, na kabla majuma mengi hayajapita mamia ya watu walikuwa wamefika ngomeni, wakiwemo wanawake waliobeba watoto. Agosti mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwanyang'anya waasi watumwa waliotumiwa katika kazi za vita. Lincoln, ambaye alikuwa ameahidi hadharani kwamba hatagusa utumwa katika majimbo ulimokuwapo, alitoa tangazo lake tarehe 1 Januari 1863, na hata hilo halikuyahusu majimbo ya utumwa yaliyobaki upande wake, kama vile Kentucky na Delaware. Kufikia mwisho wa vita, watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la Muungano, wengi wao wakiwa wametoka utumwani.

Tazama na Jamaica. Tunafundishwa kwamba sheria ya Uingereza ya 1833 ilitokana na dhamiri ya wabunge, lakini mara chache tunaambiwa kilichotokea chini ya miaka miwili kabla. Samuel Sharpe, mtumwa aliyejua kusoma na aliyekuwa shemasi wa Wabaptisti karibu na Montego Bay, alikuwa akifuatilia katika magazeti mabishano ya bungeni kuhusu utumwa. Alipanga mgomo: baada ya Krismasi ya mwaka 1831 watumwa wangekataa kurudi kwenye mashamba ya miwa mpaka wakubaliwe malipo. Aliwaapisha watu katika mikutano ya sala ya usiku. Tarehe 27 Desemba moto ulionekana katika shamba la Kensington, mgomo ukageuka kuwa uasi, na watu wanaokadiriwa kufika 60,000 wakaingia. Wazungu 14 waliuawa. Serikali ya kisiwa ilinyonga mamia, wengine kwa hukumu zilizotolewa katika muda mfupi sana, na Sharpe mwenyewe alinyongwa tarehe 23 Mei 1832. Wamisionari waliofukuzwa na walowezi walirudi Uingereza na kueleza waliyoyaona, na wabunge wakaelewa kwamba kuendeleza utumwa kungehitaji jeshi na damu bila kikomo. Sheria ilipita Agosti 1833. Sisemi kwamba Sharpe peke yake ndiye aliyeipitisha. Nasema kwamba kumsimulia Wilberforce bila kumtaja Sharpe ni kusimulia nusu ya habari.

Mzee wa Rejea anajibu:

Ndugu Msomaji amesema mengi ya kweli, lakini naomba kutofautiana naye kwa heshima, kwa sababu hoja yake inaacha jambo kubwa bila maelezo.

Watumwa wameasi tangu utumwa ulipoanza. Mwaka 869 watu walioitwa Zanj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, waliasi karibu na Basra, kusini mwa Iraki, ambako walifanyishwa kazi ya kukwangua tabaka la chumvi katika ardhi ili ilimike. Wakiongozwa na Ali ibn Muhammad waliuteka mji wa Basra, wakajenga makao yao wenyewe yaliyoitwa al-Mukhtara, na wakapigana na makhalifa wa Baghdad hadi mwaka 883. Ni miaka 14. Lakini waasi hao hao walipopata ushindi waliwafanya mateka wao kuwa watumwa. Walikataa kuwa watumwa wao, hawakukataa utumwa.

Vivyo hivyo kule Jamaica, karne moja kabla ya Sharpe, watoro wa milimani walioongozwa na Cudjoe walipigana na Waingereza mpaka wakaheshimiwa, wakapewa ardhi na uhuru wao kwa mkataba wa 1739. Katika mkataba huohuo walikubali kuwarudisha watoro wapya kwa mabwana zao, na mwaka 1832 baadhi ya wazao wao walisaidia kuwasaka watu wa Sharpe. Siwalaumu, kwa maana walikuwa wamezungukwa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ushujaa wa kutoroka na kupigana ulikuwapo kwa miaka elfu moja, na utumwa nao ulikuwapo kwa miaka hiyohiyo elfu moja.

Kilichokuwa kipya mwishoni mwa karne ya 18 ni watu wasio watumwa, wasio na ndugu utumwani, na ambao wengine walinufaika na bei nafuu ya sukari, kujipanga kwa maelfu na kusema kwamba jambo hili ni ovu popote na kwa yeyote. Tarehe 22 Mei 1787 wanaume 12, tisa kati yao wakiwa Wakweka (wafuasi wa dhehebu moja la Kikristo), waliunda kamati huko London. Thomas Clarkson alizunguka bandari za Bristol na Liverpool akiwahoji mabaharia na kukusanya pingu na vyuma vya kutesea, akiviweka sandukuni ili aviweke mezani mbele ya watu waliodai kwamba safari za meli za watumwa zilikuwa za starehe. Mchoro wa meli iitwayo Brookes, uliowaonyesha watu wamelazwa kama kuni zilizopangwa ghalani, ulibandikwa katika nyumba na mikahawa. Bunge lilipokataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa mwaka 1791, watu waliacha kula sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibiani. Clarkson mwenyewe alikadiria kuwa walifika laki tatu. Mwaka uliofuata maombi 519 yalifika bungeni. Mwaka 1833 yalikuwa zaidi ya 5,000, na moja lililotiwa saini na wanawake pekee lilikuwa na saini karibu 187,000. Wanawake hao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Aliyewatangulia kwa ukali wa hoja ni Elizabeth Heyrick, ambaye mwaka 1824 alitoa kijitabu akidai utumwa ukomeshwe mara moja, wakati Wilberforce na wenzake walikuwa bado wanazungumza juu ya kuukomesha polepole.

Kwa hiyo nisingependa tumtoe Wilberforce ukutani na kumweka Sharpe mahali pake, kana kwamba ukuta una msumari mmoja. Mtu ninayemwona katikati ya njia hizi mbili ni Olaudah Equiano. Alinunua uhuru wake kwa pauni 40 mwaka 1766 kwa biashara ndogondogo alizofanya akiwa bado mtumwa. Ni yeye aliyekwenda kwa Granville Sharp, Mwingereza mpinga utumwa, mwezi Machi 1783 kumweleza kisa cha meli ya Zong, ambayo mabaharia wake walitupa baharini watu zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai bima kama waliopoteza mizigo. Mwaka 1789 alichapisha habari za maisha yake na kuzunguka Uingereza na Ireland akiuza kitabu hicho mwenyewe. Bila watu kama yeye kamati ile ingezungumza juu ya watu ambao haijawahi kuwasikia.

Msomaji wa Nyaraka anajibu:

Mzee wangu, nimekubali hoja ya Zanj na ya mkataba wa 1739, na sitaitafutia njia ya kuikwepa. Ila Haiti inavunja kanuni yako, na ndiyo maana naona Mwalimu hakukosea kuitaja.

Waasi wa Saint-Domingue, jina la Haiti ilipokuwa koloni la Ufaransa, walioanza kuchoma mashamba usiku wa tarehe 22 Agosti 1791, hawakuishia kudai uhuru wao. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake tarehe 4 Februari 1794 kwa sababu wao walikuwa wameshaufuta kwa vitendo. Napoleon alipotuma jeshi mwaka 1802 na utumwa ukaanza kurudishwa katika makoloni mengine, kiongozi wao Toussaint Louverture alikamatwa kwa hila na kufia katika gereza la baridi la Fort de Joux mwezi Aprili 1803. Lakini watu wake waliendelea chini ya Jean-Jacques Dessalines mpaka wakashinda vita vya Vertières mwezi Novemba, na kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Katiba yao ya 1805 ilisema kwamba utumwa umefutwa milele, na ikatangaza kwamba raia wote waitwe weusi, wakiwemo Wapolandi na Wajerumani waliokubaliwa kuwa raia. Mwaka 1816 rais Alexandre Pétion alimpa Simón Bolívar, mpigania uhuru wa Amerika Kusini, silaha na hifadhi, na malipo aliyoyataka ni kwamba Bolívar awaache huru watumwa katika nchi atakazozikomboa. Huyo hakuwa mtu aliyepigania kichwa chake tu.

Na walilipishwa kwa hilo. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka meli za kivita na kudai faranga milioni 150 kama fidia kwa waliopoteza mashamba na watumwa. Deni hilo lilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, lakini deni hilo na mikopo ambayo Haiti ilichukua ili kulilipa viliendelea kuiumiza kwa vizazi. Mwanafunzi wako anapaswa kulijua hilo, Mwalimu, kabla hajaambiwa kwamba Haiti ni maskini kwa sababu ya uzembe.

Mpwani anajibu:

Mabwana, mmekwenda Virginia, Jamaica na Basra, na pwani yetu mmeigusa kwa jina tu. Naomba niirudishe.

Nasi tumefundishwa kwa mtindo uleule wa picha ya Mwalimu: manowari za Uingereza zikikamata majahazi, Sultani Barghash akitia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja, kanisa likijengwa Mkunazini mahali pa soko. Yote hayo yalitokea. Lakini mkataba ule ulizuia kusafirisha watumwa kwa bahari. Haukumtoa mtu hata mmoja katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wala katika mashamba ya nafaka ya Malindi. Hali ya utumwa kisheria iliendelea Unguja hadi amri ya tarehe 6 Aprili 1897, na hata hapo mtumwa ndiye aliyepaswa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake, akionyesha kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, wakati bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907, na Tanganyika hadi 1922.

Katika miaka yote hiyo watu hawakukaa. Mateka walipotoroka kutoka mashamba ya Malindi na Takaungu walikimbilia bara na kuanzisha makazi kama Fuladoyo, wakalima, wakajilinda kwa silaha, na kuwapokea watoro wengine. Mbali zaidi kaskazini, kando ya Mto Juba, watu waliokimbia utumwa, wengi wao wenye asili ya Uzigua, walijenga vijiji vya Gosha, na lugha yao ya Kizigua bado inazungumzwa na wazao wao. Wengine walikwenda misheni. Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, ni mfano ninaoupenda, kwa sababu unaonyesha vizuri nani alimvuta nani. Wamisionari walikuwa na Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa majini na Waingereza, na hawakutaka ugomvi na mabwana wa pwani kwa kuwapokea watoro. Watoro walikuja tu. Walijenga vibanda, wakaja kusali, wakakataa kuondoka, hadi mwaka 1888 mabwana walipotishia kuwashambulia. Ndipo George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa imekabidhiwa utawala wa pwani, alipokubali kuwalipa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru hapo Rabai. Taarifa za wakati ule zilimsifu Mackenzie. Mimi najiuliza kama angelipa hata senti moja iwapo watu wale wangebaki shambani.

Jambo moja zaidi, nalo linauma. Pwani hii waliokuwa na watumwa ni babu zetu pia, waungwana wa mijini, Waarabu na Waswahili, na misafara ya bara iliongozwa na watu wa rangi zetu. Tukimfundisha mtoto kwamba utumwa ni habari ya wazungu na weusi tu, hataelewa kwa nini hadi leo kuna familia ambamo ukoo wa mtu hauulizwi kwa sauti.

Dada Mfuatiliaji anajibu:

Nawashukuru wote. Naongeza upande mmoja ambao swali la Mwalimu lilianza nao, yaani picha.

Mwaka 1876, Washington, ilizinduliwa sanamu ya Lincoln akiwa amesimama, na chini yake mtu mweusi aliyepiga goti. Fedha za sanamu hiyo zilitoka kwa watu waliokuwa watumwa. Wa kwanza kuchanga alikuwa Charlotte Scott, aliyetoa dola 5. Sura ya sanamu hawakuichagua wao. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838 na kuwa msemaji mashuhuri wa watu wake, alihutubia siku ya uzinduzi na kusema mbele ya rais wa nchi kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa wazungu, ingawa alimshukuru kwa aliyoyafanya. Siku chache baadaye aliandika katika gazeti kwamba angependa kabla hajafa aone sanamu ya mtu mweusi akiwa amesimama kwa miguu yake. Kwa hiyo swali la msichana wako, Mwalimu, lina umri wa karibu miaka 150, na aliyeliuliza kabla yake alikuwa Douglass.

Ningependa pia uwaonyeshe wanafunzi kwamba kosa hilohilo linarudiwa katika habari za karne ya 20. Wengi wetu tunajua kwamba Rosa Parks alikataa kusimama ili kumpisha mzungu kiti ndani ya basi mjini Montgomery, Marekani, tarehe 1 Desemba 1955, kisha Martin Luther King akaongoza. Lakini chama cha wanawake cha mji huo kilikuwa kimeshamwandikia meya mwezi Mei 1954 kikimwonya kwamba watu wanaweza kuyasusia mabasi. Usiku Parks alipokamatwa, Jo Ann Robinson, mhadhiri wa chuo, alikesha akichapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vya wito, na asubuhi vikasambazwa. King, mwenye umri wa miaka 26, alichaguliwa kuongoza tarehe 5 Desemba, siku ambayo mabasi yalikuwa tayari yanapita matupu. Mgomo ulidumu siku 381, na kesi iliyofuta ubaguzi katika mabasi hayo ilifunguliwa kwa majina ya wanawake, mmojawapo Claudette Colvin, ambaye alikuwa na miaka 15 alipokamatwa kwa kosa lilelile miezi tisa kabla ya Parks. Huyo Colvin alikuwa na umri wa wanafunzi wako. Nadhani watamsikiliza.

Mwalimu wa Zamu anajibu:

Nimesoma majibu yenu mara mbili, na usiku wa jana nimelibomoa somo zima nililokuwa nimeliandaa. Mzee wa Rejea, nimekubali kwamba kumshusha mmoja ili kumpandisha mwingine hakutasaidia, na Heyrick pamoja na wanawake wale 187,000 nitawapa nafasi yao. Ila mpangilio nitaubadilisha. Nitaanza na mashua ya Baker, Mallory na Townsend, kisha nitawapa wanafunzi jibu la Butler wenyewe walisome na kuamua kama ni la ukombozi au la hila ya kisheria. Somo la pili litakuwa Sharpe na maombi ya 1833 kwa pamoja, bila kuyatenganisha. Rabai itachukua somo zima la tatu, na Mpwani amenipa ujasiri wa kugusa lile la mwisho alilolisema, ambalo kwa miaka yangu yote ya kufundisha nimelipita haraka.

Picha ya Wedgwood nitaibakiza ubaoni. Nimeamua kwamba yule msichana wa nyuma ndiye atakayeandika maelezo ya chini yake, kabla sijasema neno.